UJENZI: Mchoro wa kompyuta hauondoi haja ya jicho la pili

KABLA ya jembe la kwanza kugusa ardhi, jengo huwa limekwisha kujengwa mara moja katika michoro. Humo ndimo hupangwa upana wa msingi, idadi ya vyuma ndani ya nguzo, unene wa slabu, mahali mabomba ya maji yatakapopita na njia ambayo watu wataitumia kutoroka iwapo moto utazuka. Fundi aliye juu ya jukwaa hana nafasi ya kuyakokotoa upya mambo hayo. Yeye hufuata alichoandikiwa. Ndiyo maana kosa dogo la mchoraji, lisiponaswa mapema, hugeuka kuwa ufa ukutani, hasara ya mamilioni ya pesa au hata maafa.

Kwa vizazi vingi kazi hii ilifanywa kwa kalamu, rula na karatasi. Siku hizi hata afisi ndogo za usanifu jijini Nairobi, Mombasa na Kisumu huchora kwa kompyuta. Wapo wanaoamini kwamba mabadiliko hayo yenyewe yameleta usalama, kwa kuwa mistari ni safi na mashine haikosei hesabu. Historia ya ujenzi duniani inaonyesha vingine. Kila njia ina namna yake ya kuzaa makosa, na kila moja huhitaji ukaguzi unaoifaa.

Enzi ya karatasi

Katika njia ya zamani, mchoraji aliinamia meza pana akachora kwa wino juu ya karatasi inayopitisha mwanga. Nakala zilitolewa kwa mwanga na kemikali. Mbinu ya kwanza iliyoenea ilivumbuliwa na mwanasayansi Mwingereza Sir John Herschel mwaka wa 1842, nayo ilitoa mistari myeupe juu ya karatasi ya buluu. Baadaye, katika karne ya 20, ilichukuliwa nafasi na nakala zenye mistari ya rangi nzito juu ya karatasi nyeupe.

Ukaguzi wa ubora katika enzi hiyo ulikuwa kazi ya macho na kalamu. Mchoraji alipomaliza, mwenzake mwenye uzoefu zaidi alichukua nakala na kuipitia tarakimu kwa tarakimu. Katika afisi nyingi, kila kipimo kilichokuwa sawa kilipakwa rangi ya manjano, na kila kilichokosewa kikatiwa alama nyekundu. Karatasi haikutoka afisini hadi kila tarakimu iwe imeguswa na rangi. Kwenye kona ya chini palikuwa na kisanduku cha maelezo chenye herufi za jina la aliyechora, aliyekagua na aliyeidhinisha, pamoja na tarehe na herufi ya marekebisho: A, B, C na kuendelea.

Ili kuona kama bomba la majitaka litagonga boriti, mchoro wa mabomba uliwekwa juu ya mchoro wa vyuma kwenye meza yenye taa chini yake. Mistari ikionekana kukatizana, wahandisi wa pande zote mbili waliitwa.

Udhaifu wa njia hii ulijulikana vyema. Karatasi hupauka, huraruka, huungua na hupotea. Kosa lilifutwa kwa wembe, na wakati mwingine wembe ulifuta zaidi ya kilichokusudiwa. Zaidi ya yote, kila karatasi ilisimama peke yake. Dirisha likihamishwa nusu mita kwenye ramani ya sakafu, ilibidi mtu akumbuke kulihamisha pia kwenye mchoro wa ukuta wa nje, kwenye mkato wa jengo na kwenye orodha ya madirisha. Akisahau moja, michoro ilipingana, na fundi alilazimika kuuliza ni upi wa kuaminiwa.

Hata hivyo kupingana huko kulikuwa na faida yake. Kulikuwa kengele. Fundi mwerevu aliyeona mchoro mmoja ukisema mita nne na mwingine ukisema mita tatu na nusu alisimamisha kazi akauliza. Jambo hili tutalirudia.

Somo la Kansas City

Karatasi na mihuri havikutosha kuzuia maafa pale ukaguzi ulipokuwa wa jina tu. Mfano unaofunzwa katika vyuo vingi vya uhandisi ulitokea Kansas City, jimbo la Missouri nchini Marekani. Jioni ya Ijumaa, Julai 17, 1981, watu walikuwa wamefurika katika ukumbi wa hoteli ya Hyatt Regency kwa muziki na densi. Juu yao palikuwa na vivuko vya kutembelea vilivyoning'inizwa kwa fito za chuma kutoka darini. Kivuko cha orofa ya nne kiliachana na fito zake kikaangukia cha orofa ya pili kilichokuwa chini yake, na vyote viwili vikawaponda waliokuwa ukumbini. Watu 114 walifariki na zaidi ya 200 wakajeruhiwa.

Uchunguzi ulibaini chanzo chake. Mchoro wa awali ulionyesha fito ndefu zilizoshuka bila kukatika kutoka darini, zikapitia kivuko cha juu na kufika cha chini. Watengenezaji wa vyuma waliona ugumu wa kutumia fito ndefu za aina hiyo, wakapendekeza kila ufito ugawanywe uwe fito mbili: mmoja kutoka darini hadi kivuko cha juu, na mwingine kutoka kivuko cha juu hadi cha chini.

Kwa mtazamaji, tofauti hiyo ni ndogo. Lakini tuseme watu wawili wananing'inia kwenye kamba moja, kila mmoja ameishika kwa mikono yake. Mikono ya kila mtu hubeba uzito wake tu. Sasa yule wa chini aiache kamba na ashike miguu ya mwenzake. Kamba haijaongezewa chochote, ila mikono ya yule wa juu sasa inabeba watu wawili. Hivyo ndivyo kiungo cha kivuko cha juu kilivyobebeshwa mzigo maradufu.

Michoro yenye marekebisho hayo ilipigwa muhuri wa mhandisi bila mtu yeyote kukokotoa nguvu ya kiungo kile. Wachunguzi waligundua pia kwamba hata mpango wa awali ungebeba takriban asilimia 60 tu ya uzito uliotakiwa na kanuni za jiji hilo. Wahandisi waliohusika walipokonywa leseni zao za kufanya kazi katika jimbo la Missouri. Tangu hapo, kisa hicho kimekuwa onyo kwamba muhuri ni ushahidi wa ukaguzi, wala si badala ya ukaguzi.

Kompyuta yaingia mezani

Wazo la kuchora kwa kompyuta lilipata umaarufu mwaka wa 1963, pale Ivan Sutherland wa chuo cha MIT nchini Marekani alipoonyesha programu yake iliyoitwa Sketchpad. Programu ya AutoCAD, ambayo wachoraji wengi wa Kenya wanaifahamu, ilitolewa mwaka wa 1982. Programu za namna hii ni kama kalamu ya kielektroniki: mstari ni mstari, na kompyuta haijui kama unawakilisha ukuta au waya wa umeme.

Hatua iliyofuata ni ya modeli. Hapa mchoraji hachori mistari bali hujenga ndani ya kompyuta ukuta wenye urefu, kimo, unene na aina ya mawe. Ramani ya sakafu, mkato na orodha ya madirisha vyote hutolewa kwenye modeli hiyo moja. Dirisha likihamishwa mara moja, huhama kila mahali. Modeli ya msanifu majengo huweza kuunganishwa na ya mhandisi wa miundo na ya fundi wa mabomba, na programu ikaorodhesha yenyewe kila mahali bomba linapogonga boriti. Nchini Uingereza, serikali ilianza Aprili 2016 kutaka miradi ya serikali kuu itumie utaratibu huu.

Faida zake ni kubwa. Migongano ambayo zamani iligunduliwa zege likiwa limekwisha kumwagwa sasa hugunduliwa mezani. Kiasi cha saruji na vyuma hukadiriwa kwa haraka. Nakala haipauki, na faili moja huweza kufika Lodwar na Lamu kwa dakika moja.

Lakini kengele tuliyoitaja hapo juu imenyamazishwa. Kosa likiingia katika modeli, huingia katika michoro yote kwa wakati mmoja, na michoro yote hukubaliana. Fundi akilinganisha ramani na mkato haoni tofauti yoyote. Unadhifu wa mchoro humfanya aamini kwamba umekaguliwa, hata kama hakuna aliyeutazama mara ya pili. Vivyo hivyo, programu ya kutafuta migongano husema tu kwamba vitu viwili vimekutana. Haisemi kwamba boriti ni nyembamba mno, na haiwezi kuona bomba ambalo hakuna aliyelichora.

Hesabu sahihi, dhana potovu

Visa viwili vinaonyesha jinsi hatari hii inavyoweza kufikia mbali. Usiku wa kuamkia Januari 18, 1978, paa la ukumbi wa michezo wa Hartford, jimbo la Connecticut nchini Marekani, liliporomoka kwa uzito wa theluji. Saa chache kabla, takriban watu 5,000 walikuwa humo wakitazama mpira wa vikapu. Kwa bahati ukumbi ulikuwa mtupu lilipoanguka. Paa hilo la vyuma lilikuwa limekokotolewa kwa kompyuta, jambo lililosifiwa wakati huo. Hata hivyo viungo vilivyojengwa havikuwa sawa na vile kompyuta ilivyoelezwa, na baadhi ya vyuma havikushikiliwa kama hesabu ilivyodhania.

La kusikitisha ni kwamba dalili zilionekana mapema. Wakati wa ujenzi, paa lilipimwa likapatikana limepinda takriban maradufu ya kiasi kilichotabiriwa. Waliouliza waliambiwa kwamba tofauti kama hizo ni za kawaida. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Kisa cha pili ni cha Norway. Agosti 23, 1991, mtambo wa zege wa Sleipner A, uliokuwa ukitayarishwa kwa uchimbaji wa gesi baharini, ulizama karibu na mji wa Stavanger wakati ukijaribiwa. Hakuna aliyefariki, lakini hasara ilikadiriwa kuwa takriban dola 700 milioni za Marekani. Ilibainika kwamba modeli ya kompyuta ilikuwa imegawanywa kwa njia isiyofaa mahali kuta zinapokutana, ikapunguza nguvu za mkato kwa asilimia 47. Kutokana na hilo, kuta zikafanywa nyembamba na vyuma vyake havikutosha. Kompyuta ilitoa jibu sahihi kwa swali lililoulizwa vibaya.

Makosa madogo ya kila siku

Si kila hatari ni ya mitambo mikubwa. Yapo makosa ya kawaida ambayo hutokea katika afisi yoyote na ambayo enzi ya karatasi haikuyajua, au iliyajua kwa uchache.

La kwanza ni la skeli. Mchoro uliotayarishwa kwa karatasi ya ukubwa wa A1 kwa skeli ya 1:100 ukichapishwa kwenye A3 huwa nusu, na skeli yake halisi huwa 1:200 ingawa maandishi bado yanasema 1:100. Kosa hilo huonekana upesi. Hatari zaidi ni pale mashine ya kuchapisha inapopunguza mchoro kwa asilimia tano ili utoshee karatasi. Ukuta wa mita 4 ukipimwa kwa rula utasoma mita 3.8, na hakuna atakayeshangaa. Ndiyo maana kanuni ya zamani ingali inafaa: fuata tarakimu zilizoandikwa, usipime mchoro kwa rula.

La pili ni la tarakimu zenyewe. Programu nyingi humruhusu mchoraji kufuta kipimo halisi na kuandika chake. Mwenye haraka huandika 3,000 juu ya mstari ambao kwa kweli ni milimita 2,850. Anayesoma karatasi atajenga kwa kipimo kimoja, na anayetoa vipimo kutoka kwenye faili atajenga kwa kingine.

La tatu ni la matabaka. Michoro ya kompyuta hupangwa kwa matabaka yanayoweza kufichwa. Tabaka la boriti likizimwa ili mchoraji aone vizuri mabomba, kisha likasahaulika, mchoro huchapishwa bila boriti hizo wala alama ya kuonyesha kwamba kuna kilichokosekana.

La nne ni la kunakili. Mchoro wa nguzo uliotengenezewa nyumba ya orofa tatu huchukuliwa kutoka faili ya zamani ukabandikwa kwenye jumba la orofa sita. Zamani kuuchora upya kulimlazimu mtu kuufikiria. Sasa ni kazi ya sekunde mbili.

La tano ni la matoleo. Faili ileile hukaa katika kompyuta ya msanifu, ya mhandisi, ya mwanakandarasi na katika simu ya msimamizi wa vibarua. Fundi aliyetumiwa picha kwa WhatsApp wiki tatu zilizopita hana njia ya kujua kwamba mchoro umebadilishwa mara mbili tangu hapo, hasa ikiwa picha ilikata kona yenye tarehe na herufi ya marekebisho. Kadhalika, muhuri na sahihi vilivyowekwa kama picha vinaweza kunakiliwa na kubandikwa kwenye mchoro ambao mwenye muhuri hajawahi kuuona.

Futi, mita na usawa wa bahari

Pale pande mbili zinapotumia vipimo tofauti, kompyuta hufanya kosa lisambae kwa kasi. Wajenzi wa daraja la Laufenburg juu ya mto Rhine walijua kwamba Uswisi hupima kimo kutoka usawa wa bahari ya Mediterania na Ujerumani kutoka bahari ya Kaskazini, na kwamba tofauti ni sentimita 27. Waliiweka tofauti hiyo katika hesabu, lakini kwa upande usiofaa. Mwaka wa 2003 iligunduliwa kwamba pande mbili za daraja zilikuwa zimepishana kwa sentimita 54, ikabidi upande mmoja urekebishwe.

Hapa kwetu ploti bado hutajwa kwa futi, 50 kwa 100, ilhali michoro huandikwa kwa milimita. Futi 50 ni mita 15.24. Mchoraji akiziandika kama mita 15 tu, atapoteza sentimita 24, ambazo ni zaidi ya unene wa ukuta wa mawe ya inchi tisa. Akikosea kwa upande wa pili, atajenga ndani ya ploti ya jirani.

Ukaguzi unaofaa

Viwango vya kimataifa vinatambua kwamba tatizo kuu la michoro ya dijitali ni kujua ipi ni halali. Kiwango cha ISO 19650, kilichotolewa mwaka wa 2018, hutaka kila faili iwe katika mojawapo ya hali nne: inayoendelea kutayarishwa, iliyoshirikishwa kwa wataalamu wengine, iliyoidhinishwa kwa matumizi, na iliyohifadhiwa kama kumbukumbu. Fundi hapaswi kuona isipokuwa ile iliyoidhinishwa. Kupita kutoka hali moja hadi nyingine huhitaji jina la mtu aliyekubali.

Hatua ya pili ni mkaguzi asiyekuwa mchoraji, naye aanze na hesabu ya mkono. Chukua chumba cha mita 4 kwa 5 chenye slabu ya milimita 150. Hizo ni mita tatu za ujazo za zege, na kila mita moja ya ujazo huwa na uzito wa takriban kilo 2,400. Slabu hiyo basi ina uzito wa zaidi ya tani saba kabla ya kuwekwa vigae, fanicha au watu. Ikiwa ripoti ya kompyuta inaonyesha tani tatu, kuna kitu kilichoachwa, hata kama ripoti yenyewe ina kurasa mia mbili.

Hatua ya tatu ni kukagua kile kitakachofika kwa fundi. Modeli ikiwa safi lakini karatasi iliyochapishwa imepoteza tabaka, fundi atajenga karatasi. Kwa hivyo ile rangi ya manjano na nyekundu ingali na kazi yake.

Hatua ya mwisho ni kuhifadhi. Nakala ya akiba iwekwe mahali pengine, na michoro irekebishwe kuonyesha jengo lilivyojengwa hasa. Atakayetoboa ukuta miaka 20 ijayo atawategemea walioiweka.

Hali nchini Kenya

Itakuwa si haki kulaumu kompyuta kwa kila jumba linaloporomoka nchini. Jumba lililoanguka mtaani Huruma, Nairobi, Aprili 29, 2016 na kuua takriban watu 50 lilikuwa karibu na mto, na wapangaji waliishi humo bila cheti cha kuruhusu makao. Majengo mengi huanguka kwa sababu michoro haikuwepo, haikufuatwa, au orofa ziliongezwa baada ya kuidhinishwa.

Sheria za mwaka wa 2011 ziliunda Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi na kuweka upya usimamizi wa wahandisi. Kanuni za ujenzi za mwaka wa 1968, zilizotumika kwa zaidi ya nusu karne, zilichukuliwa nafasi na kanuni mpya zilizoanza kutumika mwaka wa 2025. Jiji la Nairobi lilianza kupokea michoro kwa intaneti mwanzoni mwa miaka ya 2010. Utaratibu huo hupunguza safari na kuacha kumbukumbu ya nani aliwasilisha nini na lini. Lakini uamuzi kwamba nguzo itabeba mzigo wake ungali wa binadamu mwenye leseni.

Anayepanga kujenga anaweza kujilinda kwa kuuliza maswali haya kabla ya kutoa pesa za msingi:

1. Nani alichora, na nani mwingine alikagua? Majina yawe mawili, na yote yawe kwenye kisanduku cha maelezo.

2. Je, msanifu na mhandisi wamesajiliwa na bodi zao mwaka huu?

3. Mchoro ulio mkononi mwa fundi una herufi gani ya marekebisho, na je, ndiyo iliyoidhinishwa na kaunti?

4. Je, mhandisi aliikokotolea ploti hii na orofa hizi, au michoro ya vyuma imetoka katika mradi mwingine?

5. Fundi akipendekeza mabadiliko, nani atakayeyakokotoa na kuyatia sahihi kabla zege halijamwagwa?

Swali hili la tano ndilo ambalo hakuna aliyelijibu kwa hesabu Kansas City. Mchoraji ajaye anaweza kutumia kalamu au kompyuta, lakini zege likishakauka gharama ya kosa ni ileile.